Roboti Aliyebaki na Bi Mkubwa

Mimi ni mbishi, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mwaka 2014 nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, na ubishi mkubwa kuliko wote niliouingia mwaka ule ulihusu filamu za sayansi ya kubuni.

Chanzo kilikuwa mgao wa umeme. Umeme ukikatwa, mashine za kukaushia nywele zinazima, cherehani inanyamaza, na televisheni ndogo iliyofungwa juu ya kioo inabaki kututazama tu. Tulikuwa wanne. Mwenye saluni alikuwa mama wa Lubumbashi, mwepesi wa huruma na mzito wa kubadili mawazo. Fundi cherehani, mtu wa Bukavu, alikodi kona ya dirishani. Alikuwa bingwa wa suti na bingwa wa kujua kila kitu. Mlinzi wa Bujumbura alilinda geti huko Turffontein zamu ya usiku, na mchana alikuja kusinzia kwenye kiti cha wateja. Wa nne ni mimi, mtoto wa Tanga.

Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: vyombo vya anga, maroboti na watu wa sayari nyingine. Mtaa mzima ulibishania mpira, sisi tulibishania kama mtu anaweza kukohoa mwezini. Kila Desemba tulichagua filamu ya mwaka, na sheria ilikuwa kwamba filamu haihesabiki mpaka aliyeileta asimame aisimulie yote, mwanzo hadi mwisho, umeme ukiwa umekatika. Wengine wanaruhusiwa kuuliza maswali tu. Kura zikilingana, mwenye saluni ndiye anayeamua, kwa kuwa funguo za duka ni zake.

Mwaka huo nilitaka kushinda kuliko miaka mingine, na sababu ilikuwa mdogo wangu. Yeye alikuwa mtafsiri wa filamu kule Tanga. Asiyeijua kazi hiyo nimweleze: unachukua filamu ya Kizungu, unakaa na kipaza sauti, unazungumza juu yake kwa Kiswahili. Wewe ndiye shujaa, wewe ndiye adui, wewe ndiye mke wa adui. Watu hujazana kwenye banda la video kukusikiliza wewe. Lakini simu zilikuwa zimeshaanza kuwachukua wateja wake, na Novemba aliniambia kwamba mwaka ukiisha atauza mashine zake aende kufyatua matofali. Alilisema kwa utani. Mimi nimemlea yule, na najua utani wake unapoanzia.

Kazi yake ya mwisho ilinifikia kwa mkono wa mfanyabiashara wa vitenge, ikiwa sidii iliyozungushiwa kanga. Niliiangalia peke yangu mara tatu. Nikajiapiza kwamba filamu hiyo itakuwa ya mwaka, nami nitampigia simu nimwambie kazi yake imeshinda Johannesburg. Nilidhani nikimwambia hivyo, habari ya matofali itakwisha.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba umeme ukakatwa baada ya chakula cha mchana. Fundi alitangulia. Alisimulia habari za watu waliojenga mji ndani ya mwezi, na alisimulia vizuri, lazima niseme, hadi mlinzi akaamka na kumwahidi kura yake papo hapo.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba hewa ya dunia imeharibika na mvua inanyesha rangi ya bluu. Chombo cha mwisho kinaondoka kwenda sayari mpya, na nahodha wake ana mkono wa chuma. Mama yake nahodha, Bi Mkubwa, amezeeka mno na hawezi safari, basi anaachwa kituoni. Roboti anakataa kupanda chombo. Anamwamkia Bi Mkubwa shikamoo, anaketi naye, na kila jioni anamwambia wanawe watarudi.

"Roboti anajua shikamoo?" mlinzi aliuliza.

"Amefundishwa adabu," nilimjibu. Nilijua watafsiri hutia chumvi. Shikamoo ilikuwa chumvi, lakini mchuzi niliamini ni wa wenye filamu.

Fundi alikuwa ameacha kupima kitambaa. "Dada, ile filme nilishaiona mu Français," alisema, na kwao "njo" ni "ndiyo". "Mvula ya bleu, kapiteni mwenye mukono ya chuma, njo ile ile. Ule mama muzee hana mutoto hata moja. Ni ingénieur, njo mwenye alitengeneza ile roboti."

"Roboti anabaki naye kwa nini, basi?"

"Anabaki juu batterie yake imekwisha. Haiko anasema kitu. Amekufa tangu mvula inaanza."

Mlinzi alicheka mpaka akakiinamia kiti. Mwenye saluni alijifunika uso kwa kanga asionekane anacheka. Mimi nilimwita fundi mwongo. Nilimwambia pia kwamba suti zake zina mikono isiyolingana, jambo ambalo si kweli na nililijua si kweli wakati nalisema. Nilijiona nimesimama mbele za watu nikiisifu filamu isiyokuwepo.

Umeme uliporudi sikungoja. Niliitia sidii kwenye mashine ya televisheni, nikaipeleka mbele hadi pale kituoni, nikiwa na hakika fundi ataumbuka.

Nilichokiona ndicho kilichokuwepo siku zote. Roboti amekaa kwenye kiti, kichwa kimelala upande, taa ya kifuani imezimika. Hana mdomo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Yule mama mzee anapanga misumari mezani, pengine anaihesabu. Na juu ya picha hiyo ya chuma kilichokufa, sauti ya mdogo wangu ikaanza kuzungumza, polepole, bila zile mbwembwe zake za vita.

"Bi Mkubwa, kula japo vijiko viwili. Taa ya mlangoni nimeiwasha. Hata akifika usiku ataona pa kuingilia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama maneno hayo hayakuwa ya wenye filamu, basi nilijua yalikotoka. Mama yetu alikuwa na desturi ya taa. Haikuzimwa taa ya mlangoni nyumbani kwetu mpaka mtoto wa mwisho awe ameingia. Nilipokuja Johannesburg, mdogo wangu alibaki naye, na Mama alipougua ni yeye aliyemlisha miezi minane hadi akafariki. Mimi sikwenda hata kuzika, kwa sababu makaratasi yangu ya kuishi huku yalikuwa bado ofisini na bila hayo ningetoka nisingeweza kurudi. Makaratasi niliyapata baadaye. Visingizio nikaendelea navyo.

"Wanao wengi, Bi Mkubwa," sauti ilisema. "Yule wa mbali ndiye anayekuwaza zaidi. Ni vile tu njia ndefu."

Nililia mbele ya kioo cha saluni, kwa hiyo nililia nikijiona, na haipendezi. Mwenye saluni aliuliza nina nini, nikawaeleza wote habari ya Mama na taa. Alinivuta kifuani kwake. "Miye nalia, na hata sijui hii filme inaitwa namna gani," alisema. Mlinzi alikuwa ameketi wima, jambo la nadra mchana.

Tulipiga kura saa hiyo hiyo. Mlinzi alishika ahadi yake kwa fundi, mwenye saluni akawa upande wangu, kura zikalingana mbili kwa mbili. Uamuzi ukawa wa mwenye funguo. Lakini fundi, mtu wa sheria, alinyoosha mkono kabla mwenye saluni hajatamka.

"Mama, ngoja kwanza. Tunachagua filme gani? Ile ya wazungu ama ile ya huyu ndugu yake?"

"Ya ndugu," mwenye saluni alijibu. "Ile ya wazungu hakuna mutu aliisimulia hapa."

Fundi aliitazama televisheni, ambapo roboti mfu alikuwa akimtakia Bi Mkubwa usingizi mwema. "Kama ni ya ndugu, basi na mimi niko kwa ya ndugu," alisema. Akarudi kwenye cherehani yake. Nilimwomba radhi kwa habari ya mikono ya suti, nayo ni radhi ya pekee niliyoomba mwaka ule.

Nilitoka nje, nikasimama kando ya mlango, nikampigia simu mdogo wangu.

"Imeshinda," nilimwambia.

"Kuna aliyeiona ya Kizungu?" aliuliza.

"Yupo. Wanajua kila kitu. Wanajua roboti amekufa."

"Na bado imeshinda?"

"Kura tatu kwa moja, na yule aliyejua ndiye aliyekuja mwishoni."

Alicheka kicheko chake cha zamani, cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu simu zianze kumharibia kazi. Akaniambia mashine hauzi, angalau mwaka ujao, maana mshindi wa Johannesburg hawezi kuonekana kwenye tanuri la matofali. Nilifurahi mno hata nikasahau nilichotaka kumwambia kuhusu Mama. Mwenye saluni akatoa kichwa mlangoni na kunituma nimuulize swali moja, nami nikalipeleka kama lilivyo.

"Bosi wangu anauliza kama yule mtoto wa mbali alirudi. Filamu inakwisha taa inawaka na hatuoni mtu."

"Mimi sijui, dada," mdogo wangu alisema. "Hilo nakuuliza wewe."

Nilikwenda Pasaka, saluni ilipofungwa. Nilikaa kwenye mabasi siku nne, miguu ikavimba, na kwenye mkoba nilikuwa na zawadi ya fundi: filamu ile ile kwa Kifaransa, ili mdogo wangu aone wenyewe walivyoiharibu. Nilifika kwetu saa kumi na nusu alasiri, jua bado kali, na taa ya mlangoni ilikuwa inawaka.