Siku Fahali Aliposikia Isukuti ya Madam Nafula

Chekeni mmalize sasa, maana picha mmeshaiona wote na mimi naona aibu hata kupita geti ya shule, afadhali niwaambie mwenyewe vile ilikuwa.

Mnajua tangu nimalize fomu foo nasaidianga darasa la nne pale shuleni, na hedi wa shule akasema anataka mtu mmoja wa kushika ukurasa wa Facebook wa shule, kukusanya picha na stori za madarasa, na atachagua Ijumaa. Nikaitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote. Shida ni Madam Nafula wa darasa la tano. Yeye akiweka picha watu wanamiminika, "hongera madam, kazi safi madam," na mimi nikiweka watoto wangu na miche ya sukuma wiki, anaipenda mama yangu peke yake (na binamu mmoja wa Malava, na huyo mpaka nimpigie simu).

Basi nikaamua naleta fahali. Mzee Shivachi, babu ya mtoto wa darasa langu, ako na fahali wa kupigana anaitwa Nyundo. Watoto wasimame karibu naye, waandike stori yake, Nafula akae kando! Alhamisi Mzee akamleta kwa kamba, mpole, anatafuna tu.

"Mwalimu, huyu hana shida, bora asisikie isukuti. Hiyo ngoma tunampigianga tukimpeleka uwanjani. Akiisikia, anajua ni vita."

"Sawa mzee, sawa, shika kamba tupige picha!" (Haraka yangu hiyo.)

Na nilijua ngoma za shule ziko darasa la tano. Kumwambia Nafula asizipige ilikuwa ni kuvuka uwanja tu. Lakini nimwambie ndio aje na simu yake, ampige fahali wangu picha nzuri kuliko zangu? Ng'o.

Nikapanga watoto, nikasema chekeni, na huko kwa Nafula isukuti ikaanza. Nyundo akainua kichwa, akachimba chini, kamba ikatoka mkononi mwa Mzee. Watoto wakakimbilia darasani (hao wamezoea ng'ombe), nikabaki mimi na tai yangu, nikapanda goli, suruali ikapasuka nyuma prraa, na darasa la tano lote likatoka kuona, ngoma mkononi, bado wanapiga!

"Madam, nyamazisha hiyo ngoma!"

"Ati nini? Sisikii!" Simu ameinua juu.

"Mwalimu, usishuke!" Mzee naye. "Atadhani umekubali kupigana!"

Ijumaa hedi akampa Nafula ukurasa, mimi akaniuliza kama suruali imeshonwa.

Na kinachoniuma si suruali. Ni vile picha yenyewe aliyoweka Nafula ni nzuri! Nyundo chini, mimi juu, watoto wamejaa dirishani wanacheka, hakuna kichwa kimekatwa. Jana nilibonyeza kuipenda, nikatoa, nikabonyeza tena.

Nimeapa, nikipata wazo lingine nitamwambia jirani kwanza, hata kama ni Nafula. Hasa kama ni Nafula.