Nilivyozimia Kwenye Maji ya Moto Ujapani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipelekwa Ujapani kujifunza injini za dizeli. Sikupelekwa kwa sababu nilikuwa fundi bora pale gereji yetu ya Industrial Area, Nairobi. Fundi bora alikuwa mwenzangu mmoja aliyeweza kutambua ugonjwa wa gari likiwa bado liko barabarani, lakini aliogopa ndege. Wa pili alikuwa ametoka tu kuoa. Mimi nilikuwa wa tatu, na hilo sikumwambia mtu yeyote kule mtaani kwetu Ziwani. Kwa wiki mbili nilitembea mtaani na kamusi ndogo ya Kijapani ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Kina mama wa kanisa walipokuja nyumbani kuniombea safari njema, niliwashukuru kwa sentensi moja ya Kijapani, wakaitikia amina. Baadaye niligundua kuwa nilikuwa nimewauliza stesheni iko wapi.

Mwalimu wangu kiwandani alikuwa mzee wa karibu miaka sitini, mfupi, mkimya, mwenye vidole vilivyoingia oili mpaka sabuni ikakata tamaa. Alijua Kiingereza maneno kama arobaini hivi. Jina langu lilimshinda, akaniita Kenya. Mimi nilimwita Mwalimu. Mafunzo yalipokwisha zikabaki siku nne kabla ya ndege yangu, akanijia na tiketi mbili za gari moshi mkononi.

"Kenya, twende," akasema. "Miji ya zamani. Milimani."

"Na mvua hii?" nikauliza, kwa kuwa ilikuwa inanyesha tangu wiki iliyotangulia.

"Ndiyo. Mvua," akajibu, kana kwamba nimemuuliza kama gari moshi lina viti.

Mvua ya Nairobi naijua. Huja kwa hasira, hujaza mitaro, ikaenda zake. Ile ya kwao ilikuwa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Mimi nilikuwa nimevaa koti zito la sufi nililolinunua kwenye mitumba ya soko la Gikomba, kwa sababu jamaa mmoja aliniambia ng'ambo kote ni baridi. Hakukuwa na baridi. Kulikuwa na joto la unyevu kama jikoni mahindi na maharagwe ya githeri yanapochemka. Koti lilikunywa maji mpaka likawa na uzito wa mtoto wa darasa la pili, lakini sikulivua, maana shati la ndani lilikuwa na kiraka mgongoni.

Mji wa kwanza ulikuwa na barabara nyembamba, na huku na huku nyumba za mbao nyeusi zilizobanana, bila rangi, paa zikikaribia kugusana. Mwalimu alisimama katikati ya barabara, akafunga mwavuli wake ili aone vizuri, akasubiri niseme neno. Mimi mtu wa Eastlands niliziangalia zile mbao, nikamwonea huruma. Nilidhani amenionyesha kwa uaminifu mkubwa mahali ambapo watu wake bado wanateseka. Nikamwekea mkono begani.

"Usijali, Mwalimu," nikamwambia polepole kwa Kiingereza. "Iko siku serikali itawajengea nyumba za mawe."

Akafungua tena mwavuli wake. "Hapana," akasema. "Miaka mia tatu. Tunatunza."

Hapo ndipo nilipowaona watalii waliopanga foleni kwenye mlango wa mojawapo ya zile nyumba, wakisubiri kuingia na kuangalia dari. Nilijiunga na foleni nikaiangalia dari kwa heshima kubwa, mpaka shingo ikaniuma.

Jioni tulifikia nyumba ya wageni iliyokuwa na mikeka sakafuni. Mlangoni unavua viatu unapewa ndala, kwenye mikeka unavua ndala, na chooni kuna ndala nyingine za choo tu. Nilitoka nazo zile za chooni mpaka chumba cha kulia. Mama mwenye nyumba aliziona, akapiga magoti, akanivua moja moja, nami nikainua miguu kama farasi anayepigiliwa vyuma kwatoni.

Chakula kilikuja katika visahani kumi na vitatu. Nilivihesabu kwa sababu nilikuwa natafuta kimoja chenye nyama. Kulikuwa na samaki mbichi, uyoga, kitu kilichofanana na mzizi, supu, na wali. Pembeni ya samaki kulikuwa na kibonge kidogo cha kijani kilicholainishwa vizuri. Moyo wangu ulifurahi. Nilijisemea, hata huku wanapika mukimo, viazi vyetu vya kupondwa na majani, ila hawajui kupakua. Nikakichukua chote nikakitia mdomoni.

Sijui nieleze vipi. Pilipili ninazozijua huwaka ulimini. Ile yao, kiungo wanachokiita wasabi, ilipita ulimi, ikapanda puani, ikaingia kichwani ikafunga mlango. Machozi yalinitoka kama bomba la mtaa lililoachwa wazi. Nilishika meza kwa mikono miwili. Mwalimu aliweka vijiti vyake chini. Mama mwenye nyumba akaja mbio na chai.

"Kenya," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini. "Unalia. Kwa nini?"

Ningeweza kusema ukweli. Kosa lilikuwa dogo, na walikuwa watu wawili tu. Lakini mchana nilikuwa nimemwahidi nyumba za serikali, na muda si mrefu uliopita nilikuwa nimevuliwa ndala za choo. Sikuwa tayari kuwa mjinga mara ya tatu kwa siku moja. Nikafuta macho.

"Nimemkumbuka mama yangu," nikasema.

Mama yangu alikuwa kijijini Murang'a, mzima wa afya. Nilikuwa nimemwona siku nne kabla ya kusafiri na alikuwa amenifokea kwa kutopalilia mahindi. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Mwalimu aliyafasiri kwa mama mwenye nyumba, naye akashika kifua, akanijazia wali bila kuulizwa. Mwalimu hakula tena. Alikaa akitazama mvua kupitia mlango wa karatasi uliokuwa umesogezwa wazi.

"Mama yangu," akasema baadaye. "Mbali kidogo. Miaka sita, sijaenda."

Nikauliza kwa nini. Akatafuta neno kwa muda. "Kazi," akasema. Halafu akatikisa kichwa. "Si kazi. Tuligombana." Na baada ya kunywa chai: "Kesho tunaenda kwa mama."

Nililala nikiwa na aibu kali zaidi ya kile kibonge cha kijani.

Kesho yake tulipanda basi dogo lililopanda mlima katika ukungu. Tuliposhuka, kijiji kilikuwa nyumba kama ishirini kando ya mto uliofura, na mvuke ukipanda kati ya mawe. Nilifikiri tutaenda moja kwa moja kwa mama yake. Badala yake alinipeleka kwenye bafu la kijiji, lenye maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini.

"Kwanza kuoga," akasema. Nilielewa. Hata mimi ningetafuta kazi nyingine ya kufanya kwanza.

Kumbe watu huoga pamoja, wanaume upande wao, bila nguo kabisa. Mimi nililelewa kwamba kijana aliyetahiriwa haoni uchi wa mzee wa rika la baba yake, ni laana. Tena kanisani nilifundishwa habari za Nuhu na wanawe. Nilitoka chumba cha kuvulia nguo nikiwa na chupi. Mwalimu akaninyooshea kidole. "Hapana," akasema. Nikarudi nikaivua. Basi nikafanya kama wale wana wawili wema wa Nuhu waliomfunika baba yao bila kumtazama: nikatembea kinyumenyume, uso ukielekea ukutani, ili nisimwone. Bwawa lilikuwa nje, limezungukwa na mawe, mvua ikilinyeshea. Niliingia kwa mgongo, kwa kishindo, na nadhani nilimkanyaga mzee mwingine aliyekuwa amesinzia humo.

Maji yalikuwa ya moto kama ya kunyonyolea kuku. Mwalimu alikaa yakimfika shingoni, amefumba macho, ametulia. Nikaamua kwamba sitatoka kabla yake. Mimi ni kijana, nikajiambia, na huyu ni mzee. Nchi yangu inanitazama. Mvua baridi kichwani, moto chini. Yeye hakutoka. Alikuwa anaogopa kwenda kwa mama yake, nami nilikuwa naogopa kuonekana dhaifu, tukakaa hivyo wote wawili tukichemka. Mwishowe nilisimama kumwambia jambo, sikumbuki lipi, na mawe yakageuka juu chini.

Nilipozinduka nilikuwa kibarazani kwa watu, nimevikwa joho la pamba lililonifika magotini. Mbele yangu alikaa bibi kizee mwenye umbo dogo sana, mgongo umepinda, akinipepea kwa upepeo wa karatasi. Mwalimu alikuwa amepiga magoti nyuma yake, kichwa chini, nywele zikidondosha maji. Nikajua huyu ndiye mama yake, na kwamba mwanawe alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka sita akikimbia kwenye mvua pamoja na wanakijiji wawili, wamebeba mtu mweusi aliye uchi.

Bibi akaniuliza kitu. Mwalimu akafasiri. "Mama anasema, umekula?"

Akaniletea uji wa mchele wenye tunda dogo jekundu la chumvi juu yake. Nilimeza polepole. Wao wakaanza kuongea, yeye kwa maneno mengi, Mwalimu kwa machache. Nilisikia sauti ya bibi ikipanda, kisha ikashuka. Mara moja alimpiga Mwalimu begani kwa ule upepeo, si kwa utani. Mzee wa miaka sitini akakubali kupigwa. Baadaye bibi akamwekea naye bakuli la uji.

Uji ule ndio ulionishinda. Nikaweka kijiko chini.

"Mwalimu, nilikudanganya," nikasema. "Jana sikulia kwa ajili ya mama. Ni kile kitu cha kijani. Nilidhani ni chakula cha kwetu."

Aliendelea kula. "Najua," akasema. "Nilikuona ukitia mdomoni."

"Sasa mbona ulikuja?"

Akalitafuta neno, hakulipata kati ya yale arobaini, akaacha. Alimfasiria mama yake, na bibi akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Tulilala pale siku mbili. Mvua haikukatika. Bibi alitulisha figili za kuchachisha na samaki wa mtoni, na kila nilipokwenda kuoga alimtuma jirani anihesabie dakika.

Niliporudi Ziwani, chumba chetu kilijaa watu waliokuja kusikia habari. Nilianza na treni na injini, wakapiga miayo. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, akasema, "Waambie ulivyooga." Nikawaambia. Kina mama wa kanisa walicheka huku wamejifunika nyuso kwa leso. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyeuza maharagwe soko la Gikomba, hakucheka. Alisubiri wanyamaze.

"Na huyo bibi," akaniuliza, "aliyepinda mgongo, akiwa peke yake ni nani anamtekea maji?"

Sikujua. Nilikuwa nimelala kwake siku mbili, nimekula chakula chake, na sikuwahi kuangalia. Nilimwandikia Mwalimu barua kumuuliza. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, mistari minne ya Kiingereza kilichoandikwa pengine kwa msaada wa kamusi. Alikuwa amestaafu, amehamia kwa mama yake, na mama yake anasema mwanawe ni mvivu.

Nilimpelekea jirani habari hizo sokoni. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Vizuri," akasema. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."