Mkeka wa Bibi Kwenye Mchanga wa Bidiya

Ilikuwa saa kumi na moja na robo alfajiri, siku ya Alkhamisi, baba alipowasha Landkruza yake kuukuu mbele ya nyumba yetu ya Matrah, na sisi watoto wanne tukajitupa nyuma, juu ya magodoro na masufuria. Nyinyi mliokulia Maskati wakati ule mnaijua safari ya namna hiyo. Mikanda haikuwapo, ubaridi wa mbele haufiki nyuma, na mdogo wetu amekalia pipa la maji kama sultani. Bibi, mama yake baba, alikaa mbele na mkeka wake wa ukindu mapajani. Mama yake ndiye aliyeusuka, Unguja, na bibi hakumwamini mtu kuupakia.

Tulikuwa tunakwenda kulala jangwani Bidiya pamoja na binamu za baba. Wao hawakuwahi kuondoka Oman; sisi tulikuwa tumerudi kutoka Unguja miaka michache tu nyuma, na hawakutuacha tusahau hilo. Baba akikosea neno la Kiarabu, walicheka. Mama akipika wali kwa nazi, walicheka, kisha wakaumaliza. Ami Hamad, mkubwa wao, alishawahi kumwambia baba kwamba ngamia wa huko hupigiwa honi mara tatu kabla ya kupitwa, na baba akapiga. Basi siku ile baba aliazimia jambo moja: afike kambini kwa gari lake mwenyewe, bila kuvutwa kwa kamba. Mtu aliyevutwa kwa kamba husimuliwa mpaka kwenye harusi za wajukuu zake.

Njiani tulikula mikate ya ufuta na samaki wa kukaanga, tukanywa chai ya iliki yenye vumbi. Tulisimama kwenye wadi moja, bonde lenye maji, tukaoga na nguo zetu, na upepo wa dirishani ukatukausha kabla ya kufika Bidiya.

Ami Hamad alikuwa akitungojea kwenye kituo cha petroli. “Bin ammi, toa upepo kwenye mipira ya gari,” alimwambia baba kwa Kiarabu, uso mkavu. “Bakisha nusu.”

Baba akatabasamu. Usiku wa kuamkia safari alikuwa ameijaza mipira pomoni, maana fundi wake wa Unguja alimfundisha kwamba mpira mgumu ndio mpira mzima. Alipopandisha kioo alituambia kwa Kiswahili, “Mara hii hanipati.”

Ami Hamad akatangulia, akapotea nyuma ya vilima vya mchanga. Sisi tulikwenda vizuri mpaka kilima cha pili. Hapo gari likaguna, magurudumu yakazunguka mahali pamoja, na tukashuka taratibu mpaka mchanga ukagusa milango. Ng'ambo ya kilima tuliuona moshi wa kambi, na harufu ya nyama ya mbuzi ikatufikia.

“Nna miaka sabini,” bibi akasema, “sijapata kuona chombo kikizama pakavu.”

Tulichimba kwa mikono na kwa vifuniko vya masufuria. Gari likazidi kuzama. Mama akasema atumwe mtoto akamwite ami Hamad. Baba alikuwa akiutazama mpira kama mtu anayesoma barua ya kesi.

“Toa huo upepo, mwanangu,” bibi akamwambia. “Kama alikutania, tutacheka sote. Kama alisema kweli, tutakula nyama.”

Kisha akaukunjua mkeka wake, akautandika mwenyewe mbele ya gurudumu la nyuma. Mama akapiga ukelele. “Nyamaza,” bibi akasema. “Mama yangu aliusuka watu waukalie. Basi na waukalie.”

Tukabonyeza vali kwa vijiti, kila mtoto na mpira wake, na fyuuu ile ilitufurahisha kuliko mchezo wowote. Baba akawasha, sisi tukasukuma, gari likapanda mkeka, likaurusha nyuma vipande viwili, na kutoka pale hatukusimama tena.

Ami Hamad aliitazama mipira iliyolegea, akautazama mchanga masikioni mwetu. “Upepo umetoka wenyewe?”

“Umechoka na safari,” baba akasema.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na baba ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha. Tulikula, kisha tukateleza kilimani kwa masinia mpaka jua likazama. Bibi naye aliteleza, mara moja, akipiga vigelegele. Toka siku ile hawakumwita tena baba “yule wa Zinjibari”. Walimwita Bu Upepo, yaani Baba Upepo, jina la mtu wa nyumbani.

Mwanangu, anayeishi Amerat, ana hema linalofunguka juu ya gari, friji, na simu inayomwonyesha kila kilima. Majira ya baridi yaliyopita alizama kwenye mchanga uleule, na binamu zake walikuwa wamepiga kambi karibu kabisa. Nilimuuliza kwa nini hakuwaita. “Baba, wangenicheka,” alisema. Alimpigia simu mtu wa mjini mwenye gari la kuvuta magari yaliyokwama, akavutwa kimyakimya, akafika na kanzu safi, na mpaka leo hakuna anayejua isipokuwa mimi.

Ilimgharimu riali thelathini na tano, na jina hakupata.