Siku Nne za Barua ya Jethro

Manasseh Angwenyi alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa 1946, sikio moja halisikii, na koti zito la jeshi mabegani. Rafiki yake Thadeus, waliyeandikishwa naye siku moja, hakurudi. Kabla hata ya kujenga nyumba yake mwenyewe, Manasseh alipanda kilima cha nyuma ya soko la Kebirigo hadi kwa mjane wa Thadeus, Persis Nyamusi, akamweleza mumewe alikufa vipi na alizikwa wapi. Persis alikuwa na Nyanchera mgongoni, na Jethro ameshika sketi yake.

Tangu siku hiyo waliitana shemeji. Manasseh alimwezekea nyumba, na majani chai yalipoletwa kwa wakulima wadogo, alichimba naye mashimo ya miche ya kwanza.

Mwaka wa 1964, vita vya mashifta, waasi waliotaka kujitenga, vikiwa vimepamba moto kule kaskazini mashariki, chifu alimwita. "Barua za vifo vya askari zinaletwa kwangu," alisema. "Sitaki zipelekwe na karani. Wewe umekuwa jeshini. Nenda wewe."

Manasseh aliifanya kazi hiyo kwa namna yake. Alinyoa ndevu, akavaa lile koti, akaenda kwa miguu. Hakukubali kiti kabla hajasema alichotumwa kusema, na alikisema kwa sentensi moja, bila kuzunguka. Kisha alikaa hapo kutwa nzima, akipasua kuni au akinyamaza tu na wenye msiba. Jumapili iliyofuata aliwaleta askari wenzake wa zamani, watano, yeye akiwa wa sita. Walijipanga mstari mbele ya nyumba, wakalitaja jina la marehemu kwa sauti kubwa, wakapiga saluti. Hakuna aliyewaagiza. Lakini maiti nyingi zilikuwa zimezikwa huko huko mbali, na familia zilisema afadhali hilo kuliko kukosa yote.

Siku moja alipita kwa jirani kuuliza habari za mbuzi aliyepotea. Mwanamke aliyekuwa akipalilia alipoliona koti alitupa jembe, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Kuanzia hapo Manasseh hakulivaa tena ila alipokuwa na barua.

Jethro alipotaka kujiunga na jeshi, mama yake alikataa katakata. Manasseh ndiye aliyemlainisha. "Shemeji, hili si jeshi la Mwingereza," alimwambia. "Hili ni letu." Persis aliwaza wiki mbili, akakubali.

Barua ilifika Alhamisi moja ya Januari 1967. Gari la kina Jethro lilikuwa limekanyaga bomu barabarani, na watu wote waliokuwamo walikufa. Walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Jumapili ile Nyanchera alikuwa anaolewa na mwalimu wa Nyamache. Ng'ombe alikuwa amekwisha kununuliwa, na wageni wengine walikuwa wamekwisha kufika.

"Nenda sasa hivi," mkewe Bitutu alimwambia.

"Nitakwenda Jumatatu. Yule msichana hakuwahi kumwona baba yake. Mwache apate siku moja nzuri."

"Hiyo siku si yako, Manasseh. Ni ya Persis."

Manasseh aliificha barua chini ya godoro.

Jumapili alisimama mahali pa Thadeus, akamshika Nyanchera mkono na kumwingiza kanisani. Baadaye Persis alicheza uani mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Alimletea Manasseh sahani mwenyewe. "Kula, shemeji. Jethro ameandika kwamba hakupata likizo, lakini mwezi wa nne atakuja. Nitamchinjia jogoo wake peke yake."

Manasseh alikula nyama yote. Asingeila, Persis angeuliza.

Jumatatu asubuhi alimkuta akisugua sufuria za kuazima. Persis aliinua uso akitabasamu, akafikiri amekuja kuzungumzia harusi. Kisha akaliona koti.

"Jethro?"

"Jethro amekufa akiwa kazini, shemeji."

Hakupiga nduru. Alinyoosha mkono uliolowa, akaichukua barua ambayo hakuweza kuisoma, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii imefika lini?"

Manasseh alikuwa hajawahi kumdanganya mwenye msiba. "Alhamisi."

"Kwa hiyo jana ulijua."

"Nilijua."

"Nikakuletea chakula."

"Uliniletea. Nilitaka Nyanchera apate—"

"Nimecheza, Manasseh. Mwanangu yuko kaburini na mimi nacheza, na wewe umekaa kwenye kiti unanitazama." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Usiniite shemeji tena."

Jumapili iliyofuata askari sita wa zamani walipanda kile kilima. Persis aliwangojea langoni. "Nyinyi watano ingieni," alisema. "Yeye abaki barabarani."

Wale watano walitazamana, wasijue la kufanya. "Ingieni," Manasseh aliwaambia. "Mnaingia kwa ajili ya Jethro, si yangu." Alibaki nje ya ua. Jina lilipotajwa kule ndani, alipiga saluti peke yake akiyaelekea majani ya ua.

Kesho yake alimrudishia chifu kazi ile, naye chifu akampa karani.

Mwaka wa 1973, uhuru ulipotimiza miaka kumi, viti vya mbele viliwekwa uwanjani Kebirigo kwa askari wa zamani na wazazi wa waliokufa. Manasseh alituma neno kwamba mguu unamsumbua. Mguu ulikuwa mzima. Persis aliketi mbele, akavishwa blanketi, watu wakampigia makofi. Wakirudi, alimsogelea Bitutu njiani.

"Mzee wako mbona hakuja?"

"Angekuja, wewe ungekaa?"

Persis alitembea naye hadi njia panda, kisha akashika njia ya kilimani.

Miaka mitatu baadaye kifua kilimlaza Manasseh. Alipoona hatapona, alimtuma Bitutu kwa Persis. Bitutu alirudi mchana, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Amesema hana hasira nawe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema. Lakini hawezi kuja. Anasema akikuona, anajiona akicheza."

Manasseh alimwomba ayarudie maneno yale kwenye sikio lake zima. Bitutu akayarudia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaugeukia ukuta. Alifariki siku ya tatu.

Askari wa zamani walikuwa wamebaki watatu. Walisimama mstari, mmoja ameegemea fimbo, wakalitaja jina la Manasseh Angwenyi na kupiga saluti. Nyanchera alikuja kutoka Nyamache na mumewe na watoto wanne, akalia kaburini jinsi mtu anavyomlilia baba yake, mpaka wanawake wakamshika.

Mama yake hakuja. Majirani waliopita kilimani siku hiyo walisema walimwona katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, ameelekea upande wa msiba. Hakuwa anachuma. Alisimama hivyo hivyo mpaka nyimbo zilipokoma.