Goti Nililolifunga Kama Mzigo

Kama umewahi kununua mafuta ya mawese katika soko la Kasongo, huenda yalifika kwa baiskeli yangu. Naitwa Hippolyte, nina miaka hamsini na mitatu, na kazi yangu ni kusukuma. Baiskeli yenyewe haina pedali. Niliziondoa zamani kwa kuwa zilinigonga miundi bure. Kule Wamaza, mafuta yanakotoka, naifungia bidoni sita, yaani madumu sita yaliyojaa, naweka mti mrefu kwenye usukani wa kuiongoza na mwingine nyuma ya kiti wa kuisukumia, kisha natembea nayo siku kadhaa.

Kwa kufunga mzigo sina mpinzani, na ndiko kulikoniponza. Tunatumia mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka ndani ya tairi kuukuu. Unavuta mpaka unauma meno, unazungusha, unavuta tena. Sheria ni moja tu, mzigo usisogee. Wengi wa njia hii nimewafundisha mimi, tena kwa makelele.

Upande wa Lusangi kuna mlima unaotutoa jasho sote. Desturi yetu ni kwamba wa kwanza kufika juu anaegesha baiskeli yake, halafu anashuka kuwasukumia wa nyuma. Kwa miaka ishirini, anayeshuka nilikuwa mimi. Nilishuka mbio, nikiimba, nikiwacheka waliokuwa wanahema. Faradji, mtu mzima mwenye watoto watatu, nilimwita bibi harusi kwa jinsi alivyopanda polepole. Hakuna aliyewahi kushuka kwa ajili yangu, na hilo nilihakikisha kila kijiji kinalijua.

Goti la kulia lilipoanza kuuma, nilisema ni baridi. Baadaye nikasema ni chumvi nyingi kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Lilipoanza kulia ko-ko-ko kila nikichuchumaa, nilikohoa kwa nguvu ili mke wangu, Anastasie, asilisikie. Alidhani nina kifua, akanipikia majani machungu wiki nzima. Niliyanywa yote.

Mwisho nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili. Goti linauma kwa sababu linacheza, nikajiambia, na kinachocheza hufungwa. Nikachukua mkanda wa mpira, nikauma meno, nikavuta, nikazungusha, nikavuta tena, nikashusha suruali juu yake. Hata bidoni sijawahi kuifunga vizuri namna ile. Asubuhi nilitembea kwa fahari. Adhuhuri mguu ulianza kuwaka, kisha ukaacha kuwaka, nikafurahi kwamba umepona. Kumbe ulikuwa umekufa ganzi. Kwenye mteremko nilikanyaga nisihisi mguu umetua wapi, nikaenda chini pamoja na baiskeli. Bidoni zote sita zilibaki mahali pake, hazikusogea hata kidogo. Mwenye kumwagika nilikuwa mimi.

Wenzangu walinifikisha nyumbani Kasongo. Anastasie aliutazama mguu uliovimba, akautazama mkanda, akanitazama mimi.

“Papa Hippolyte, sikia. Kesho unaenda kwa muganga. Ukikataa, hii kinga ntaipeleka kwa ndugu yako Salomon.”

Salomon! Mtu asiyejua kufunga hata kamba za viatu vyake, apewe baiskeli yangu! Lakini haikuwa hasira tu. Niliogopa. Njia ile ndiyo mimi. Nyumbani sijui kitu kingine zaidi ya kula na kulala. Nikaenda.

Hospitalini nilimkuta mama Dieudonnée, anayeshughulikia viungo.

“Nani alikufunga hivi?” aliuliza.

“Ni miye.”

“Weye uko mutu ao gunia?”

Aliminya goti, akalikunja, akalikunjua, akasema halijavunjika kitu ila limechoshwa. Kisha akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima unene wa paja juu kidogo ya goti na unene wa goti lenyewe, akaniandikia namba. Nikatafute genouillère ya kipimo hicho, ile soksi ya goti ya kitambaa kinachovutika.

“Haiko ya kukamata goti kama mwizi,” alisema. “Iko ya kulipatia joto na kulisaidia. Ukivaa, vidole viwili viingie pale juu. Vikikataa kuingia, imekaza sana. Mguu ukipata baridi ao ganzi, toa. Ukienda kulala, toa. Na goti likivimba tena ao likigoma kunyooka, unarudi hapa.”

Halafu akanifundisha kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu, kuushikilia juu, kuushusha polepole, kila asubuhi, kwa sababu anayelibeba goti kweli ni paja. Bidoni zishuke kutoka sita hadi nne. Na ule mlima?

“Kushuka mbio ndiko kunakumaliza, papa. Fanya hivyo mwaka mumoja tena, utatembea na fimbo.”

Sokoni, kwa Aicha muuza mitumba, niliziona soksi za goti za kila namna. Namba ya mama Dieudonnée ilikuwa mfukoni. Mimi nikachagua nyingine kubwa, nyeusi, yenye vyuma pembeni, kwa sababu ilifanana na ya mwanajeshi. Kabla sijafika nyumbani ilikuwa imeteleza hadi kwenye kifundo cha mguu. Nikarudi, Aicha akacheka, nikachukua ya namba yangu. Ilikuwa na rangi ya waridi.

Baada ya wiki sita nilirudi njiani na bidoni nne, nikiwa wa mwisho kwenye msafara. Chini ya mlima nilisimama. Kupanda ningeweza, lakini mama Dieudonnée alikuwa amenikataza kuupanda peke yangu nikiwa na mzigo. Ilibidi nisubiri, na sijawahi kusubiri kitu kwa aibu kama ile. Juu, mtu aliegesha baiskeli akaanza kushuka. Faradji. Alishuka polepole mno, mguu mmoja kwanza, na sikumwita bibi harusi.

“Twende, yaya,” alisema, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, akashika mti wa nyuma.

Tulisukuma pamoja. Juu aliketi ghafla kwenye jiwe, akakunja uso. Nilimwomba apandishe suruali. Chini yake kulikuwa na mkanda wa mpira, umezungushwa mara tatu, fundo ubavuni, nyama imejaa juu na chini.

“Nani alikufundisha kufunga hivi?” nilimuuliza.

Alinitazama kwa mshangao. “Si ni weye?”

Fundo nililijua kweli. Nilijaribu kuingiza vidole viwili, havikuingia. Hata kimoja hakikuingia. Nikapiga goti mbele yake, lile la waridi, likalia ko-ko-ko mbele ya wote, nikaanza kumfungua.