Redio Ipunguzwe Kidogo

Wiki hii, jua likielekea kuzama, nilikuwa kwenye mkahawa mmoja katikati ya jiji, si mbali na msikiti. Kwenye meza jirani walikaa wanafunzi watatu wa chuo kikuu, wakibishana hadi vikombe vikatikisika. Ilikuwa Ramadhani, na mmoja wao, binti aliyejitanda mtandio, alishika tende mkononi, akingoja adhana afuturu.

Kijana mwenye rasta ndiye aliyewasha moto. "Dini ikae kwa nyumba! Spika za kanisa, spika za msikiti, zote zizimwe. Hii ni jiji ya kila mtu."

"Na mimi si mtu?" binti akauliza, akicheka.

Mwenzao, msalaba shingoni, akaingilia: "Zima za kanisa letu huko mtaani Satellite uone. Shosho yangu, na uzee wake wote, atakutafuta na bakora."

Mwenye rasta hakucheka. Aliendelea kugonga meza, mpaka alipotazama saa kwenye simu yake. Akamgeukia mhudumu.

"Buda, punguza hiyo redio kidogo. Hatutasikia adhana."

Mhudumu akaipunguza. Adhana ikaja, binti akauma tende. Ndipo nikaona kwamba sambusa za yule mwenye rasta zilikuwa hazijaguswa, zimeshapoa. Sasa akachukua moja.

"Nilikuwa nasema," akaendelea, mdomo umejaa, "zizimwe zote."

Huenda hoja yake ina haki, sijui. Ila siku nitakayofunga mimi, naomba niketishwe meza moja na mpinzani kama huyo.