Neno la Waridi Mlangoni kwa Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitale, sikugusa brashi. Fundi Mkuu alinipa uzi uliopakwa chaki, ule unaovutwa na kuachiliwa ubaoni ili uache mstari, akanitaka nipige mistari mpaka jioni. "Herufi ikikosa pa kusimama inalewa," alisema. "Na mimi sitaki walevi hapa." Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipoandika mabango ya maduka kwa mkono, kuanzia mjini hadi Endebess.

Baadaye nilihamia Bungoma, chini ya Meneja, mtu asiyejua kushika brashi lakini hodari wa kuwabembeleza wateja. Mmoja wao alikuwa Nekesa, msusi kutoka Kabuchai, aliyekodi chumba kwenye jengo la kanisa. Nilimwandikia "Glamour Salon" juu ya mlango, kwa rangi nyekundu. Chumba hicho ndicho kilichowalisha wanawe.

Shida ilianza siku Mwalimu Wafula, aliyestaafu kufundisha Kiingereza, alipowaeleza wazee wa kanisa kwamba "glamour" ni neno la Kiskoti cha kale. Zamani lilimaanisha kiinimacho, uchawi wa kumfanya mtu aone kisichokuwapo. Siku hizi ni urembo unaovutia, basi. Mwenyekiti wa wazee alisikia nusu ya kwanza tu.

"Mama, hiyo jina ni ya uchawi," alimwambia Nekesa. "Itoke, ama utoke wewe."

"Mzee, si hiyo ni kurembesha watu tu? Makastoma wananijua na hiyo jina, bana."

Niliitwa kulifuta neno hilo. Rangi nyekundu ni kaidi: ukipaka nyeupe juu yake, hupenya. Sharti kwanza uizibe kwa rangi ya fedha, ikauke, ndipo nyeupe ifuate. Nilimweleza Mwenyekiti.

"Wewe paka nyeupe, maneno iishe," alisema.

Meneja akanikonyeza nimtii Mwenyekiti, maana ndiye aliyelipa. Nikapaka.

Mvua na jua vilipopokezana, neno likarudi kwa rangi ya waridi, herufi kwa herufi. Watu wakaja kulitazama, wengine kutoka Sirisia. Mwenyekiti hakuhitaji ushahidi mwingine wa uchawi. Aliufunga mlango kwa kufuli, viti na mashine ya kukausha nywele vikiwa ndani, akatangaza kuwa chumba kitapewa mtu mwingine. Nekesa aliketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, akammalizia mteja wake. Niliumia sana kumwona hivyo.

Nikamwomba Mwenyekiti anifuate hadi langoni, kwenye bango la kanisa nililoliandika mwenyewe. Mwalimu Wafula akaja pia. Wakati huo mabati mapya yalikuwa ghali, kwa hivyo sisi waandishi wa mabango tuliandika juu ya yale ya zamani.

"Mzee, hebu inama, usome chini ya saa za ibada."

Aliinama. Nyuma ya maandishi yangu ya buluu, kwa waridi hafifu, palisomeka: BIA BARIDI HAPA.

"Ati nini?"

"Hii bati ilikuwa ya baa, Mzee. Waliandika na nyekundu, kama ya Mama Nekesa, na hapa pia nilipaka nyeupe tu."

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza. "Mwenyekiti, na kanisa nayo tuweke kufuli?"

Mwenyekiti aliinuka. Kisha akarudi hadi kwa Nekesa, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango.

Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipofika mjini, Meneja alinunua moja, nami nikaweka brashi chini. Sina kinyongo nazo. Kazi yao ni safi, na plastiki ikichakaa hutupwa tu. Nekesa hakutaka neno lake lipakwe upya, na lilibaki vile vile la waridi.

Miaka michache baadaye, binti wa Mwenyekiti aliolewa, na nywele alisukwa pale pale kwa Nekesa. Nilikuwa miongoni mwa wageni mzee aliposimama kumbariki. Alimtazama, machozi yakamlengalenga, akazigusa zile nywele.

"Binti yangu," alisema, "leo uko glamour kabisa."